Nilichokata Katika Wimbo wa Mama

Masikio ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote. Nilikuwa na miaka tisa, kwenye kwaya ya kanisa letu huko milimani Ileje, nilipomwambia mwalimu wa kwaya mbele ya watu kwamba sauti ya pili imeshuka. Alinifinya kwa kukosa adabu, kisha akawasimamisha wale wa sauti ya pili waimbe peke yao, akakuta kweli imeshuka. Tangu siku hiyo nikajiona mtu. Nilipokuja kuwa mkufunzi wa muziki katika chuo kimoja cha ualimu huku Mbozi, wakati tungali Mkoa wa Mbeya, wanachuo walinung'unika kwamba Madam anasikia hata makosa ambayo hujayafanya. Nilijua wanavyosema, na nilifurahi.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyefanya nilichokifanya.

Kufundisha walimu wa muziki miaka ile kulitaka moyo. Muziki wenyewe ulikuwa umefichwa ndani ya somo la Haiba na Michezo, umebanwa kati ya mpira wa pete na usafi wa kucha. Chuo kilikuwa na kinanda kimoja ambacho vitufe vyake vinne havikutoa sauti, na ngoma mbili ambazo panya walikuwa wameshazianza. Wanachuo wetu wakienda shule za msingi, kipindi cha muziki kikifika waliwaambia watoto, "Imbeni wowote mnaoujua," kisha wao wakakaa kusahihisha madaftari ya Hisabati. Nilikuwa nawakuta hivyo hivyo, napandwa na hasira. Ningewalaumu nini, hata hivyo? Hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba nyimbo za kwao ni somo.

Kisha chuo kikapata kompyuta kumi na mbili, projekta moja na vinasa sauti viwili vidogo vya kushika mkononi. Mkuu wa chuo alinipeleka semina ya siku tano mjini Mbeya, nikarudi na jambo linaloitwa hadithi za kidijitali. Jambo lenyewe ni rahisi. Mwanachuo anakwenda kwao, anamrekodi mtu anayeimba wimbo wa pale, wimbo wa kulima au wa kubembeleza mtoto, anapiga picha chache, kisha anasimulia kwa sauti yake mwenyewe wimbo ule ni wa nani na unaimbwa lini. Anaviunganisha kwenye kompyuta, inakuwa hadithi ya dakika tatu. Siku akisimama mbele ya darasa la nne hana kinanda wala ngoma, anawaonyesha watoto hadithi yake, wanaujua wimbo pamoja na watu wake, ndipo anawafundisha mapigo na sauti. Wanachuo waliziita stori za projekta.

Mimi niliweka sheria zangu juu ya zile za semina. Hadithi isizidi dakika tatu. Picha zisitikisike. Na sauti iwe safi. Hiyo ya tatu niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa na kuipigia mistari miwili. Sikutaka jogoo, sikutaka upepo, sikutaka mtu anayekohoa. Mtoto akisikiliza wimbo asikie wimbo, basi.

Mfano wa kwanza niliamua kuutengeneza mwenyewe, kwa wimbo wa mama wa kusagia ulezi.

Hapa lazima niseme habari ya baba. Alifariki mimi nikiwa chuoni, wiki ya mtihani wa mwisho, mwezi wa Machi. Habari zilinifikia zimechelewa, na nilipozipata nikafanya mtihani uliobaki kwanza, kwa sababu nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nisome. Nilipoondoka mvua ilikuwa imeshaharibu barabara ya kutoka Mpemba kwenda Isongole. Gari letu lililala kwenye tope, tukatembea. Nilifika nyumbani siku ya tatu baada ya maziko. Mama alinipokea mlangoni, akanipa maji ya kunawa, akaniuliza kama nimekula. Basi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Wala mwaka uliofuata hakuuliza, wala miaka kumi na sita iliyokuja. Tulizungumza kahawa, tulizungumza harusi na misiba ya watu, lakini mtihani ule haukutajwa. Nami nikawa nakwenda nyumbani Krismasi kwa Krismasi, nakaa siku tatu, naondoka. Nilitamani kujua kama alinisamehe. Niliogopa pia kujua, kwa hiyo nikatulia.

Kwetu, wanawake wa rika la mama hawakuambiana mambo mazito uso kwa uso. Waliyasemea kwenye jiwe. Wimbo wa kusagia una beti fupi, na kila ubeti ukiisha msagaji anasimama kidogo kuongeza ulezi juu ya jiwe. Katika kusimama kule ndipo anapodondosha neno lake, chini chini, uso ukiwa umeinama, halafu anaendelea na wimbo kama vile hakusema kitu. Neno la jiweni halijibiwi, wala halitolewi nje ya jiko. Nikiwa mdogo nilimsikia mke wa mjomba akisema pale jiweni kwamba amechoka kuitwa mvivu. Mama mkwe wake alikuwa amekaa papo hapo, akaendelea kupepeta mbegu zake. Kesho yake hakumwita mvivu tena, na hakuna aliyejadili. Hilo nililijua tangu utotoni, sikufundishwa na mtu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mashine ya kusaga ilifika kijijini, ya dizeli, na wanawake wengi wakayaacha mawe yao uani, kuku wakanywea maji juu yake. Mama alipeleka mahindi mashineni kama wenzake. Ulezi wa uji alikataa. Alisema unga wa mashine unanuka dizeli, na kama mnataka kunywa dizeli nendeni kwenye lori. Kwa hiyo jiwe lake lilikaa jikoni, pembeni ya mafiga, hata baada ya kaka yangu kumjengea nyumba ya matofali.

Nilikwenda na kinasa sauti likizo ya Juni. Mama alikuwa anaishi na wifi yangu, mke wa kaka, kwa kuwa kaka alikuwa akifanya kazi ya udereva huku Tunduma. Nilimtolea mama kiti sebuleni, nikamwelekezea kinasa, nikamwambia aimbe ule wimbo wa ulezi.

"Nikae kwenye kiti?" akasema. "Mikono niweke wapi?"

"Iweke tu magotini, mama. Nataka wimbo, sitaki mikono."

Alimtazama wifi, wakacheka wote wawili.

"Wimbo wa jiwe na mikono mitupu! Mtu akipita akanisikia atasema bibi kaanza kuchanganyikiwa. Kama unautaka wimbo, twende jikoni, nawe uniache nisage."

Nilikubali shingo upande, maana nilijua jiwe litaniharibia sauti. Wifi alikwenda shambani. Tukabaki jikoni wawili, mama amepiga magoti mbele ya jiwe, mimi nimekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwake, hedifoni masikioni, macho kwenye kile kitaa kidogo cha kinasa kinachogeuka chekundu sauti ikizidi. Akaanza.

Sauti yake ilikuwa imezeeka, lakini haikuwa imeshuka. Hilo nililitambua mara moja, nikaona fahari. Alimaliza ubeti wa kwanza, akachota ulezi kwenye ungo, akaumwaga juu ya jiwe, na midomo yake ikatembea. Alikuwa anasema. Nilisikia kuna maneno. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kitaa, na kichwani nilikuwa nawaza namna ya kuliondoa lile jiwe kwenye wimbo, na kwamba akiendelea kuzungumza hivi dakika tatu hazitatosha. Nikanyanyua mkono kama tunavyofanya kwaya ikirekodi, kiganja mbele, kumwonyesha anyamaze mpaka ubeti unaofuata.

Mama aliutazama mkono wangu. Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye wimbo. Ubeti wa pili ulipokwisha alisema tena, kwa ufupi zaidi. Nikanyanyua mkono. Baada ya ubeti wa tatu alisema, na wa nne. Baada ya ubeti wa tano hakusema kitu. Aliongeza ulezi kimya, akaimba ubeti wa mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Umepata ulichotaka?" aliniuliza.

Nikamwambia nimepata, tena vizuri sana.

Niliporudi chuoni niliufungua wimbo kwenye kompyuta. Anayeijua ile programu ya kuhariri anafahamu kwamba sauti inaonekana kama milima. Beti za mama zilikuwa milima sita mizuri, na katikati yake palikuwa na vichuguu vidogo vidogo, mahali alipokuwa akiongea. Sikuvisikiliza. Niliviona kwa macho, nikavifunika kwa kipanya, nikabonyeza kitufe cha kukata. Vinne. Kompyuta iliniandikia kwamba nimeondoa jumla ya sekunde arobaini na moja, nikafurahi, maana hadithi ilikuwa imezidi. Kisha nikaipitisha sauti kwenye kichujio cha kupunguza kelele mpaka jiwe likawa linasikika kwa mbali tu. Nikaziunganisha beti zote bila pengo, nikahifadhi juu ya faili lile lile la mwanzo. Hata pumzi zake niliziondoa. Mimi, mwenye masikio yanayosifiwa wilaya nzima, nilikata kwa macho.

Kadi za kumbukumbu chuo kilikuwa nazo mbili tu, na wanachuo wanne walikuwa wanasubiri kwenda makwao. Nikaifuta kadi yote na kuikabidhi kwa wa kwanza kwenye foleni.

Hadithi yangu niliionyesha bwaloni, wanachuo wote wakiwapo pamoja na mkuu wa chuo. Jenereta iliunguruma nje lakini sauti ya mama ilitoka juu yake, safi, imenyooka. Walipiga makofi. Mkuu wa chuo alisema wimbo ule ungeweza kupigwa redioni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisimama nikaeleza kwa nusu saa jinsi nilivyousafisha, ubao mzima ukajaa, na wanachuo wakanakili kila neno.

Yule niliyempa kadi alikuwa kijana mrefu kutoka Kamsamba, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao bondeni kule zamani kidogo. Alirudi na hadithi ya baba yake akiwaimbia ng'ombe wakati wa kuwanywesha. Ilikuwa vurugu tupu. Ng'ombe wanalia, kengele zinagongana, maji yanachuruzika kwenye birika la miti, mtu anapiga mluzi, na katikati ya wimbo mzee anakatiza kabisa anasema jambo kwa Kisukuma halafu anarudi kwenye wimbo kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwita ofisini.

"Sauti safi niliiandika wapi?"

"Ubaoni, Madam."

"Sasa hawa ng'ombe ni wa nini?"

Alikuna kichwa. Alikuwa mpole, lakini hakuwa mwoga.

"Samahani, Madam. Nilijaribu kuwaondoa. Lakini nikimtoa ng'ombe, baba anakuwa anamwimbia nani?"

Nilimpa alama hamsini na mbili. Nilimwandikia kwa wino mwekundu kwamba muziki ni mpangilio wa sauti na si gulio la mifugo. Niliona nimesema jambo la maana, hata nikawasomea wenzangu ofisini, nao wakacheka.

Mama alifariki mwaka uliofuata, Februari. Alilala akiwa na homa na kesho yake hakuamka vizuri, na jioni yake akaondoka. Safari hii nilifika. Nilitoka darasani chaki ingali mkononi, nikapanda pikipiki kutoka Mpemba mpaka nyumbani, nikanyeshewa njia nzima, lakini nilifika, nikamwosha mwenyewe pamoja na wifi na wanawake wengine. Nilikuwa nimemwahi. Nilijishikiza kwenye hilo siku zile zote za msiba.

Baada ya maziko wanawake walikaa uani, na wifi akawaambia kwamba mimi nina sauti ya marehemu kwenye kompyuta. Wakaniomba wamsikie. Nilileta kompyuta, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaionyesha hadithi yangu ya dakika tatu. Wengine walianza kulia picha ya kwanza ilipotokea. Mmoja hakulia. Alikuwa rafiki wa mama tangu usichana, wamesaga pamoja miaka na miaka, naye masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti yake. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, halafu akaniuliza kwa Kindali.

"Mbona hasemi?"

"Anaimba, mama," nikamjibu.

"Nasikia kwamba anaimba. Nakuuliza mbona hasemi. Huyu hakusaga siku hata moja bila kusema neno lake. Alikuwa na nani jikoni?"

Nikamwambia alikuwa na mimi.

"Peke yenu?"

"Peke yetu."

Bibi yule akashika fimbo yake na kuomba asaidiwe kuinuka.

Pale ndipo nilipopata akili, nikiwa nimesimama mbele ya kompyuta yangu. Mama alijua kwamba nitamfuata jikoni na wifi hatakuwapo. Alikataa kiti. Alichagua jiwe, mahali pekee ambapo mwanamke kama yeye angeweza kusema jambo ambalo halijasemwa kwa miaka kumi na sita. Akasema mara nne, na mara zote nikamnyamazisha kwa kiganja. Nilijiambia huenda yalikuwa mambo ya kawaida tu, kuhusu moshi, au kuku. Huenda. Lakini nani anaongea habari za kuku mara nne, amezuiwa na bado anaongea?

Nilirudi Mbozi na jambo moja kichwani, kuipata ile sauti ya mwanzo. Kadi ilikuwa ingali chuoni, haijatumika tena tangu ile hadithi ya ng'ombe, maana wengine walikuwa wakirekodi kwa simu zao. Niliichukua nikashuka nayo Tunduma, kwa fundi wa simu ambaye kaka alinielekeza kwake, karibu na mpaka, mahali ambapo nusu ya wateja wanatokea Nakonde. Alikuwa anasalimiana nao kwa Kibemba, mulishani mukwai, huku mkono mmoja uko ndani ya simu ya mtu mwingine. Alisifika kwa kurudisha picha zilizofutwa. Aliichomeka kadi yangu, akaniambia nikae, nikakaa kuanzia asubuhi mpaka watu walipoanza kufunga maduka. Kila alipopata kipande cha sauti alinipa hedifoni. Kengele. Mluzi. Maji. Kengele.

"Daah, Madam," akasema mwishoni, na kwa kweli alionekana ana huruma. "Humu kuna ng'ombe tu. Kitu kikishaandikwa juu ya kingine, cha chini ndiyo basi tena."

Nilikwenda vilevile kwa wifi. Nilidhani labda mama alimwambia yeye, siku nyingine, wakisaga. Tulikuwa tunachambua mbegu za maharage, nikamuuliza moja kwa moja, marehemu alipokuwa jiweni aliwahi kunitaja?

"Wifi," akasema, "mimi mama aliniambia mengi pale. Ya jiweni unajua hayatoki."

"Hata sasa amekufa?"

"Sasa ndiyo zaidi." Alinishika mkono. "Yangu yalikuwa yangu. Na yako alikupa wewe."

Nilikasirika, kusema kweli, nikaondoka bila kunywa chai. Nilimkasirikia wifi kwa wiki mbili kwa kuwa mwaminifu, kisha nikampigia simu kumwomba radhi.

Chuoni niliifungua hadithi ya yule kijana wa Kamsamba. Niliisikiliza kwa hedifoni, kila siku baada ya vipindi, wiki nzima. Wanachuo wangu wengine arobaini walikuwa wameniletea nyimbo safi kama nilivyotaka, na ukizisikiliza hujui kama mwimbaji yuko jikoni au yuko angani. Hii ya ng'ombe, ukifumba macho, mzee yuko mbele yako na matope miguuni. Nilimwita yule kijana, wakati huo yuko mwaka wa pili, nikamwomba aniambie baba yake anasema nini pale anapokatiza wimbo.

"Hapo?" Alisikiliza, akacheka. "Hapo ananiambia mimi. Anasema nisimame upande wa kivuli, jua kali."

Nikaomba arudie. Akarudia. Nilimwambia nilikosea alama zake, na kwamba zimeshakwenda wizarani na siwezi kuzirudisha. Akasema hamna shida, Madam. Alipotoka nilifunga mlango wa ofisi, nikalia, nikiwa na hakika kwamba hata mlinzi wa getini ananisikia. Nilikuwa namwonea wivu mwanafunzi wangu kwa sentensi moja ya jua kali.

Nilibadilisha nilivyofundisha. Ule mstari wa sauti safi niliufuta, nikawaambia wanachuo wasikate kitu wasichokisikiliza mpaka mwisho, na kama hawaelewi lugha wamtafute anayeielewa. Hilo nililisimamia kwa ukali kuliko nilivyosimamia lolote. Lakini hadithi yangu ya mfano ilikuwa imeshatoka mikononi mwangu. Waliomaliza miaka ile walikuwa wameinakili kwenye simu na kwenye flashi, wakaenda nayo vituoni, Igamba, Ileje kwenyewe, mpaka bondeni Momba, wakawapa wengine. Ilikuwa ndiyo safi kuliko zote, na rahisi kufundishia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimejaribu kukumbuka. Watu husema masikio hayasahau, nami nimewafundisha hivyo wanachuo wengi. Nakaa na kurudia ubeti mmoja mmoja, nafika mahali alipomwaga ulezi, naiona midomo yake ikitembea, naona na unga kwenye vinyweleo vya mikono yake. Sauti ipo. Najua ilipanda wapi na ilishuka wapi, ningeweza kuiandika kwa solfa. Maneno hayapo. Nilikuwa nimeipokea kama kelele na ndivyo nilivyoiweka. Wakati mwingine, nikiwa nafua au nimekaa kwenye basi, nadhani nimelipata neno moja, neno la kusamehe au la kulaumu, kisha natambua ni mimi mwenyewe nimemwekea mdomoni. Ningepokea hata lawama. Angekuwa amenilaani ningeichukua ile laana na kuisikiliza kila asubuhi.

Mwaka elfu mbili na kumi na tano nilikwenda kukagua wanachuo wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya msingi Nanyala, kando ya barabara kuu. Darasa la nne, watoto karibu sabini, malori yanapita nje kwenda mpakani na kila likipita mwalimu ananyamaza kidogo. Mwanachuo wangu alikuwa binti mwenye bidii. Sikujua ametayarisha nini. Nilikaa dawati la nyuma na fomu yangu ya alama, akawasha kompyuta yake ndogo, akaiinua ili wote waone, na sauti ya mama ikatoka.

Aliwafundisha vizuri. Aliwapa mapigo kwa viganja juu ya madawati, akawagawa sauti mbili, akawasahihisha walipokimbia. Baada ya robo saa watoto sabini wa Nanyala, ambao wengi nyumbani wanasema Kinyiha, walikuwa wanaimba wimbo wa mama kwa Kindali, beti sita mfululizo, bila kusimama popote. Waliimba kama nilivyoukata. Sauti ya pili haikushuka. Nilijaza fomu, nikampa alama anazostahili.

Kisha mwalimu akawauliza kama kuna swali. Msichana wa dawati la mbele, sare yake imemzidi mabega, akasimama.

"Mwalimu, huyu bibi alikuwa peke yake?"

Mwanachuo wangu alinitazama mimi kule nyuma, na watoto wote wakageuka kunitazama.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwepo."

Msichana akaridhika, akaketi.